Mkeka Umelowa: Nani Amesahau?

Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi yakifika, magazeti ya nyumbani hupenda kueleza mikosi midogo midogo ya watu. Bwana mmoja amefungiwa nje katika baridi kali, na ufunguo umo mezani ndani. Bibi mmoja ametia birika motoni, akalisahau mpaka maji yakaisha na kitako kikatoboka. Kwa jirani yao maji yameganda ndani ya mabomba na kuyapasua, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Watu husoma, hucheka, kisha hunyamaza kidogo, maana kila mmoja amejiona mwenyewe.

Sisi wa Basoko hatuna theluji. Mji wetu uko karibu sana na mstari wa ikweta, upande wa kaskazini kidogo, pale mto Aruwimi unapomwaga maji yake katika mto Kongo. Mtu wa kwetu akitaka kuona barafu hana budi kwenda kwa mwenye duka aliye na friji, na tena siku ambayo jenereta inakubali kufanya kazi. Lakini mtu asije akadhani kwamba kwa sababu hiyo mikosi ile haituhusu. Baridi yetu ni mvua. Na mvua, wasomaji wapenzi, inajua kusahaulisha kuliko theluji.

Kwetu hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Huko Yangambi, juu ya mto kati yetu na Kisangani, ambako kituo kikubwa cha uchunguzi wa kilimo kilianzishwa mwaka 1933, mvua ya mwaka mmoja hupimwa karibu milimita 1,800. Kuanzia Disemba hata Februari hupungua, na watu hupata nafasi ya kupumua. Lakini ikifika Septemba, Oktoba na Novemba, humwagika bila huruma. Na mto nao hupanda, hata kuelekea mwisho wa mwaka maji yanafika penye viambaza vya nyumba za ukingoni.

Miezi hiyo nyumba hugeuka. Siku za jua, nyumba yetu ni mahali pa kulala tu. Kazi zote zafanyika uani. Uani ndiko tunakopika, ndiko tunakotwanga, ndiko mtoto anakosoma akikalia kibao chake, ndiko nguo zinakoanikwa na wazee wanakozungumza. Mvua ikija, ua wote huingia ndani ya vyumba viwili. Jiko laingia, kinu chaingia, kuni zaingia zikitiririka maji, mbuzi aingia bila kukaribishwa, na madaftari ya wanafunzi yanatafuta mahali pakavu pasipokuwapo. Kila kitu kilichokuwa na mahali pake sasa hakina. Kiberiti kilichokaa siku zote juu ya ukuta wa jiko kimehamishwa kisiingie unyevu. Kimehamishwa wapi? Aliyekihamisha amelala. Chumvi imewekwa juu ya uchaga, karibu na samaki wa moshi, ipate joto. Mama anaitafuta chini ya meza. Vyeti vya ubatizo na kadi za wapiga kura vimefungwa katika mfuko wa plastiki, vikafichwa vizuri kabisa, hata mwenyewe hawezi kuviona tena mpaka Pasaka.

Basi watu husema: Mama huyu ni msahaulifu. Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa kuwa naona kwamba neno hilo hutamkwa upesi mno.

Saa tisa alasiri

Tumchukue mama mmoja wa kwetu, yeyote. Ni mwezi wa Oktoba, saa tisa alasiri. Ameanika mpunga wake juu ya mkeka uani. Mpunga ni chakula cha siku nyingi katika nchi yetu tangu watu wa pwani walipouleta, nyakati za akina Tippu Tip. Na mpunga uliolowa baada ya kuanikwa huota ukungu, au huchipuka, na ukikobolewa huvunjika vipande vipande. Chungu cha pondu kiko motoni. Mtoto mchanga yuko mgongoni. Mtoto wa miaka minne anacheza na kopo karibu na mafiga. Ukingoni umefungwa mtumbwi, kwa kamba fupi, kama mto ulivyokuwa asubuhi. Nguo za shule zimetundikwa.

Upepo wabadilika. Kila mtu wa mtoni anaujua upepo ule: miti yanyamaza, kisha majani yote yageuka yakaonyesha upande wake mweupe. Labda ana dakika tano. Akimbilia mkeka kwanza, maana mpunga ni mali. Alipokwisha kukunja nusu ya mkeka, mtoto mchanga alia. Aingia ndani amlaze kitandani. Huko ndani aona dirisha li wazi, alifunga. Mbele ya dirisha ameona dumu la maji halina kifuniko, atafuta kifuniko. Anasimama katikati ya chumba na kujiuliza: Nilikuwa nafanya nini? Matone ya kwanza yampa jibu. Atoka mbio. Nusu ya mpunga imekwisha kulowa, pondu imeungua, na mtumbwi, hakuna hata mmoja aliyeufikiri.

Jioni baba arudi. Aona mkeka umelowa, aonja pondu yenye harufu ya moto, apewa habari ya mtumbwi uliokwenda na maji.

«Mama, hata wewe! Umesahau kila kitu?»

«Baba, sikusahau kila kitu,» asema mama. «Mtoto nimemkumbuka.»

Jibu hilo ni la haki kuliko swali. Tazameni hesabu: vitu sita vilitaka mikono miwili, katika muda ule ule. Baba naye alikuwa na kumbukumbu nzuri siku hiyo, kwa sababu hakuwa na kitu cha kukumbuka ila kurudi kwake. Mtu asiyebeba maji hamwagi.

Mambo waliyoona wataalamu

Mambo ya kusahau yamechunguzwa kwa bidii tangu zamani. Mjerumani mmoja, jina lake Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana, orodha baada ya orodha, kisha akapima ni kiasi gani kimebaki baada ya saa moja, baada ya siku moja, baada ya mwezi. Mwaka 1885 alitoa kitabu chake. Aliona kwamba kusahau huanza kwa kasi: baada ya siku moja tu theluthi mbili hivi ya kazi yake ilikuwa imepotea, na kile kilichobaki kilipotea polepole zaidi. Wanafunzi wanaosoma usiku wa kuamkia mtihani na wafikiri juu ya hesabu hiyo.

Lakini silabi za Ebbinghaus hazifanani na mkeka wa mama. Mama hakusahau kwamba mpunga upo. Alisahau kurudi kwake kwa wakati. Kukumbuka jambo lililopita ni kazi moja, na kukumbuka jambo la kufanya baadaye ni kazi nyingine. Ile ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayekuja kukuuliza. Mwalimu huuliza juu ya somo, mkeka hauulizi.

Tena kuna habari ya mlango. Je, haijakupata, ndugu msomaji, kuingia chumbani kuchukua kitu, na mara ukiisha kuvuka kizingiti hujui tena ulichokijia? Katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, huko Marekani, Gabriel Radvansky na wenzake walilichunguza jambo hilo, wakatangaza mwaka 2011 kwamba mtu akipita mlangoni husahau zaidi kuliko akitembea mwendo ule ule ndani ya chumba kimoja. Walieleza kwamba akili hufunga jambo la chumba kilichopita kama mtu afungavyo kitabu, ili ifungue la chumba kipya. Wengi walifurahi sana kusikia hivyo. Wamepata wa kumlaumu, yaani mlango.

Hata hivyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bond, katika Australia, walijaribu tena, na habari zao zilitoka mwaka 2021. Wao waliona kwamba mlango peke yake hauwadhuru watu sana. Lakini walipowapa watu kazi ya pili ya kuifikiri kwa wakati ule ule, hapo mlango ukaanza kuwasahaulisha. Kwa maneno mengine, mlango humpokonya yule ambaye mikono ya akili yake imekwisha kujaa. Mtu anayepita na wazo moja hupita nalo salama. Anayepita na mawazo sita huacha moja au mawili kizingitini.

Huyo ndiye mama wa saa tisa alasiri. Kichwa chake si kibovu, kimejaa. Na siku za mvua, ambapo ua wote umeingia katika vyumba viwili, yeye huvuka vizingiti mara mia kwa siku, mara ishirini katika hizo akiwa na mtoto mgongoni.

Nimewasikia watu wakisema kwamba dawa ya vitu vilivyopotea ni kumwomba Mtakatifu Antoni wa Padua. Ni desturi njema, nami siikatazi hata kidogo. Lakini Mtakatifu Antoni akitafutiwa kazi ya kiberiti kila jioni katika nyumba ambayo hakuna aliyekubali kukipa kiberiti mahali pamoja, nadhani ana haki ya kuchoka.

Kusahau kusikochekesha

Pondu iliyoungua ni jambo la kucheka. Mpunga uliolowa ni hasara, na mtumbwi uliopotea ni hasara kubwa zaidi. Lakini kuna kusahau kwa namna nyingine, na mvua ndiyo inayokuleta karibu, kwa sababu inaleta moto ndani na kuwakusanya watoto kuuzunguka.

La kwanza ni moto wenyewe. Sufuria la maji ya moto likiwekwa chini, katika chumba chenye giza ambamo watoto watano wanapitapita, si lazima mtu awe mzembe ili mtoto aungue; yatosha mtu aitwe na jirani. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa muda wa dakika ishirini kamili. Dakika ishirini ni ndefu kwa mtoto anayelia, lakini zinafaa kuliko dawa yoyote ya nyumbani. Msipake mawese, wala dawa ya meno, wala majivu, wala yai. Vitu hivyo hushika joto ndani na kuchafua kidonda, na mwuguzi atalazimika kuvisugua tena, jambo ambalo mtoto hatalisahau. Funikeni kwa kitambaa safi bila kukaza, kisha nendeni zahanati.

La pili ni mafuta ya taa. Siku hizi nyumba nyingi zina taa za jua na tochi za simu, na Mungu ashukuriwe. Lakini mawingu yakikaa siku nne mfululizo, taa ya jua hufa, na kibatari cha zamani hutafutwa tena. Mafuta yake yako wapi? Katika chupa ya soda. Chupa hiyo imewekwa chini kwa haraka, karibu na maji ya kunywa, kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia kule ilikokaa. Mtoto mwenye kiu hasomi wala hanusi. Mafuta ya taa hudhuru hasa yakiingia mapafuni. Ndiyo maana mtoto akiyanywa, msimtapishe kwa nguvu wala kumtia kidole kooni, kwa sababu yakipanda tena yaweza kushuka kwa njia ya pumzi. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali upesi, na chupa ile ichukuliwe pia, aione. Nazo tochi na vitu vya kuchezea vyenye betri ndogo za mviringo kama kifungo, hizo nazo si za kuachwa ovyo: betri kama hiyo ikimezwa na kukwama kooni yaweza kuunguza nyama za ndani vibaya kwa muda wa saa mbili tu.

La tatu nalitaja kwa ajili ya wasomaji wetu wa nchi za juu, walioko Butembo na Bukavu, na wa Lubumbashi ambako usiku wa Juni na Julai hupoa kabisa, na hata ng'ambo ya ziwa, kule Njombe na Makete katika Tanzania, ambako asubuhi nyingine majani hufunikwa na umande ulioganda. Hao baridi wanayo kweli. Na baridi ikizidi, mtu hufanya jambo linaloonekana kuwa la akili: jiko la makala, ambalo wengine huliita babula, lililopikiwa chakula cha jioni, huingizwa chumba cha kulala ili lipashe joto. Mlango wafungwa. Dirisha lafungwa, na nguo yasukumwa chini ya mlango. Makala ni mekundu, hayatoi moshi. Basi watu hudhani hayana neno. Shauri lao lilikuwa kulitoa nje kabla ya kulala. Wakasahau kulitoa, maana joto ni tamu na usingizi hauombi ruhusa.

Makala yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko hewa safi ya oksijeni, hata damu ikawa imejaa kitu kisichofaa na haina tena nafasi ya kubeba uzima. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu hulegea. Aliye macho huenda akafahamu na kutoka. Aliyelala hafahamu. Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka mashimoni na ndege wadogo ndani ya vizimba, kwa kuwa ndege huzimia kabla ya mtu na hivyo huwapa onyo. Waliachana na desturi hiyo mwaka 1986 tu, walipopata vyombo vya kupimia. Katika chumba cha kulala cha Butembo hakuna ndege wala chombo. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: jiko la makala lisiingie kabisa chumba cha kulala. Msiseme tutalitoa baadaye. Neno «baadaye» ndilo linalosahauliwa. Blanketi la pili, hata likiwa la kukopa, lafaa kuliko jiko ambalo mtu ameahidi kulikumbuka.

Nasi wa Basoko tusijione salama kwa sababu kwetu ni joto. Usiku wa mvua kubwa mama mwenye mtoto mchanga naye huvuta makala karibu na kitanda, na kuni mbichi hutoa hewa ile ile pamoja na moshi.

Lokole na karatasi ya marubani

Sasa tufanyeje? Kumwambia mtu «Kumbuka!» ni sawa na kumwambia mgonjwa «Pona!» Kinachotakiwa ni kwamba nyumba yenyewe ikumbuke, hata pale kichwa cha mtu mmoja kinapojaa.

Wazee wetu wa mtoni waliufahamu ufundi huo kuliko wengi. Tazameni lokole, ngoma ile ya gogo lililochongwa ndani, isiyo na ngozi, ambayo Walokele wa upande wa Yakusu na Isangi walipashana habari kwayo kutoka kijiji hata kijiji. Mmisionari Mwingereza wa kanisa la Kibaptisti, John Carrington, aliyekaa Yakusu, aliisoma mpaka akaweza kuipiga, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi ya lugha ya Kilokele yana mapigo yaliyo sawa. Neno moja peke yake lingeweza kusikika kuwa jingine. Basi mpigaji hasemi neno moja. Husema sentensi nzima ndefu mahali pa neno lile, na tena huirudia. Mgeni akisikia hudhani ni maneno mengi ya bure. Kumbe kurudia kule ndiko kunakofanya habari ivuke mto, upepo na kelele bila kupotea.

Katika nyumba zetu twafanya kinyume. Mama husema neno moja, mara moja, akiwa anakimbia: «Mkeka!» Watoto watatu wasikia, kila mmoja adhani ameambiwa mwingine.

Watu wa ndege nao walijifunza kwa uchungu. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio katika Marekani, ndege kubwa mpya ya kampuni ya Boeing ilikuwa ikijaribiwa mbele ya wakubwa wa jeshi. Ilipaa, ikasimama hewani, ikaanguka na kuwaka. Wawili kati ya waliokuwamo walikufa, na mmoja wao alikuwa rubani mkuu, mtu hodari sana wa kazi yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba walisahau kufungua kifungo kimoja kinachozuia mabawa ya mkia yasichezwe na upepo ndege ikiwa chini. Ndege ilikuwa na mambo mengi mno kwa kichwa kimoja. Hawakusema: tutafute marubani wasiosahau. Waliandika mambo yote ya kutazamwa juu ya karatasi fupi, ayasome mmoja na kuyajibu mwingine kila mara kabla ya kuruka, hata kama wameruka mara elfu. Ndege ya namna ile ile ikarudi angani, na desturi hiyo imebaki kwa marubani wote wa dunia mpaka leo.

Mimi naona mama wa saa tisa alasiri ana mambo mengi kama rubani yule, na mshahara hana. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumpunguzia mzigo kabla ya upepo kubadilika. Kila mtoto aliyefikia umri wa kutumwa apewe kitu kimoja, kile kile siku zote, wala kisibadilishwe kila wiki. Mtaalamu Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayesema tangu mapema, «Jambo fulani likitokea, nitafanya hivi,» hutimiza mara nyingi kuliko yule anayesema tu, «Nitajitahidi.» Hiyo ndiyo njia inayofaa watoto. Mkubwa na aseme: «Majani yakigeuka, mimi mkeka.» Wa pili: «Majani yakigeuka, mimi nguo na madaftari.» Wa tatu, ambaye ni mdogo, achukue kiberiti na kukitia katika kopo lenye kifuniko, na kopo hilo lisihame mahali pake hata nyumba ikijaa mbuzi. Mama abaki na moto na mtoto mchanga. Hayo mawili yatosha kabisa.

Na baba? Baba ana mtumbwi. Kamba ifungwe ndefu kila jioni, juu kabisa penye mti, si kwa kadiri maji yalivyo bali kwa kadiri yatakavyokuwa kesho. Wakazi wa mtoni wasizoee kufikiri kwamba mto unakumbuka mipaka yake. Mnamo Januari 2024 mto Kongo ulipimwa huko Kinshasa mita 6.20, karibu na kile kipimo kikubwa cha mwaka 1961 ambacho kilikuwa mita 6.26, kwa muda wa miaka zaidi ya 60 watu walikuwa wamejenga mahali ambapo mto ulikuwa umekwisha kufika. Hata kijiji kizima chaweza kusahau.

Tena baba akiwa nyumbani wakati wa mvua, asikae akiuliza nani amesahau. Swali hilo likiulizwa mvua ikiwa bado inanyesha, hupoteza mikono miwili iliyokuwa ikihitajiwa, ya anayeuliza.

Wanafunzi watasema: basi tuandike karatasi kama marubani, tuibandike ukutani. Wazo zuri, lakini karatasi yetu hulowa, na mende huila kwa ajili ya gundi. Chukueni kipande cha makala, mwandike juu ya ubao wa mlango, upande wa ndani, pale macho yafikapo mtu akitoka: Mkeka. Nguo. Kiberiti. Moto. Mtumbwi. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: Jiko la makala nje. Unyevu ukiyafifisha maneno, yaandikwe tena Jumamosi, na mtoto aliyeanza kusoma mwaka huu ndiye ayaandike. Usiku, kabla ya komeo kutiwa, mmoja ayasome kwa sauti na wengine wajibu neno kwa neno. Bibi asiyejua kusoma atayashika kabla yenu, kwa sababu yeye alikua akisikia lokole.

Mama akijibu, «Mtoto yuko hapa,» zima taa.